Daftari la vipande: tujiandae kwa Alhamisi

Habari zenu ndugu zangu. Alhamisi saa nne asubuhi tukutane langoni mwa Chetham's Library, Manchester. Maktaba hii ilianzishwa 1653, ndani ya majengo ya mapadri yaliyojengwa 1421, na ndimo Marx na Engels walimosoma pamoja 1845.

Tunaenda kutazama daftari la vipande vya maisha ya mji. Wakusanyaji wa zamani walibandika kila walichookota: matangazo ya maigizo, tiketi, bei za madukani, michoro ya nyumba zilizokuwa karibu kubomolewa. Kwangu mimi hiyo ni hazina kuliko vitabu vinene vya historia, maana karatasi hizo zilichapwa ili zitupwe kesho yake. Tazameni pembezoni pia. Mara nyingi mkusanyaji ameandika tarehe kwa wino, na penye gundi karatasi imegeuka kahawia. Tukibahatika kuona kipande cha 1819, mwaka wa mauaji ya Peterloo, askari wa farasi walipouvamia mkutano wa raia waliodai haki ya kura mjini Manchester, tukisome polepole, neno kwa neno.

Njooni na penseli, kalamu za wino ziacheni nyumbani. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu hazihitajiki, kwani zinapunguza hisia za vidole na karatasi huchanika kirahisi. Usifunue kipande kilichobanduka, mwite mhudumu.

Wasomaji huingia kwa miadi, kwa hiyo naomba kila anayekuja aandike jina lake hapa kabla ya kesho jioni. Atakayekwama anijulishe mapema, tafadhali, nafasi yake apewe mwingine.