Makaratasi ya Maalim: Wito wa Harambee kwa Wahitimu na Marafiki wa Skuli

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwa wahitimu wenzetu wote, mlioko Unguja na Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, Maskati na Dubai, London, Toronto na kwengineko.

Kamati inakuiteni kwenye harambee ya kuyaleta nyumbani makaratasi ya Maalim wetu aliyefariki Leipzig, Ujerumani, mwaka jana. Wengi mmeshafahamu tunamzungumzia nani. Watoto wake wameomba jina lisitajwe katika ujumbe unaorushwa ovyo kwenye simu, kwa kuwa mambo ya mirathi hayajakamilika, nasi tumeliheshimu ombi hilo. Notisi ya miezi mitatu ya kuihama nyumba yake imekaribia kwisha na mwenye nyumba anataka funguo zake. Vyombo vimeshagaiwa. Kilichobaki ni maboksi 41, yenye kazi na barua za mtu aliyesomesha fasihi ya Kijerumani kwa Wajerumani wenyewe.

Kwa vijana ambao hawakumdiriki, maelezo mafupi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki haikuchelewa kuitambua serikali mpya ya Zanzibar. Wakaja madaktari, walimu na wajenzi wao. Majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani ni kazi ya mikono yao pamoja na ya wazee wetu. Na upande wa pili wakapelekwa vijana wetu kusoma. Maalim, aliyekuwa ameshamaliza skuli hii, aliondoka mwaka 1965. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Taasisi ya Herder pale Leipzig, ambako wanafunzi wa kigeni walifunzwa lugha kabla ya kuingia chuo kikuu. Alipelekwa asomee hesabu. Mwaka wa pili akahamia fasihi, kwa Lessing na Goethe, waandishi wakubwa wa Kijerumani, bila ya kumuuliza mtu. Barua ya baba yake kuhusu jambo hilo imo ndani ya boksi la tatu, na kwa kweli haifai kusomwa mbele ya watoto.

Hesabu ilipoteza, fasihi ikapata. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu Diwani ya Goethe, ile ya mwaka 1819, ambayo mshairi huyo aliiandika baada ya kumsoma Hafidh wa Shiraz, mshairi wa Kiajemi, katika tafsiri ya Joseph von Hammer. Wenzake darasani walikuwa wakimjua Hafidh kupitia kwa Goethe. Maalim alimfikia Goethe akiwa na masikio yaliyokwisha kuzoea kasida na mashairi ya baraza za mji huu, na maswali aliyouliza hayakuwa yale waliyoyatarajia. Goethe alisikia nini, na kipi kilimpita? Pale aliposifu mvinyo wa Hafidh, je, alijua kwamba wasomaji wengine wamekuwa wakibishana karne kwa karne kama ule ni mvinyo au ni jambo jengine kabisa? Tasnifu yenyewe imehifadhiwa huko chuoni. Rasimu zake, pamoja na ugomvi wote uliomo pembezoni, zimo kwenye maboksi.

Lakini hazina kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa risala hii, ni tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Lessing, *Nathan der Weise* ya mwaka 1779, inayotokea Baitul Muqaddas zama za Sultani Salahuddin. Kuna rasimu nne, na kitendo cha mwisho hakikukamilika. Binti yake ametutumia picha ya ukurasa mmoja. Ni pale Sultani anapomuuliza Nathan, Myahudi, dini ipi kati ya tatu, Uyahudi, Ukristo na Uislamu, ndiyo ya kweli. Jibu la Nathan limepigwa taipu, likafutwa, likaandikwa upya kwa kalamu ya risasi, likafutwa tena mpaka karatasi imetoboka. Pembeni, kwa hati za Kiarabu na wino mwekundu, Maalim amejiandikia mwenyewe: “Mpe pumzi. Mtu huyu anaogopa.” Nimeshaisikia tamthilia hiyo ikielezwa kama waadhi mtamu wa kuvumiliana. Maneno hayo ya pembeni yamenionesha kwamba Nathan yuko mbele ya mtawala mwenye uwezo wa kumfilisi, na hadithi anayomjibu nayo, ya pete tatu zisizotofautishika, ni njia ya kutokea.

Kuna mengine. Daftari za mihadhara, zilizopigwa kwa taipureta ya Erika iliyotengenezwa Dresden. Barua za wanafunzi. Shajara za miaka mingi, zenye kutaja zaidi bei za vitu na hali ya hewa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walipoandamana katikati ya Leipzig na wanajeshi wasifyatue risasi, Maalim aliandika sentensi mbili za maandamano na nusu ukurasa wa kulalamikia tremu zilizokwama. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, wasomi wengi wa upande wa mashariki waliondolewa vyuoni, naye akiwemo. Aliishi kwa kusomesha Kiswahili jioni kwa watu waliotaka kwenda likizo Zanzibar. Kuhusu miaka hiyo makaratasi hayasemi sana, na wala sisi hatutayalazimisha. Limo pia jalada la nakala za taarifa ambazo polisi wa siri wa zamani walikusanya juu yake. Watoto wameridhia lije pamoja na mengine kwa sharti lifungwe kwa miaka 30, na sharti hilo tumelitia saini.

Sasa hali ya makaratasi yenyewe. Karatasi za Ujerumani Mashariki nyingi zilikuwa za mbao duni zenye asidi. Zinageuka rangi ya chai, kisha zinamung'unyika ukizikunja. Vitini vilivyotolewa kwa mashine ya kurudufia ya spiriti, vya wino wa zambarau, vinafifia kila vinapopigwa na mwanga. Klipu zimeshika kutu na kutu imeingia kwenye maandishi. Huko Leipzig angalau hewa ni kavu wakati wa baridi. Hapa kwetu tunajua wenyewe: unyevunyevu, ukungu, mchwa na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi za majalada. Kuyaleta makaratasi haya Unguja na kuyaweka stoo ya skuli itakuwa ni kuyaua kwa heshima. Ndiyo maana fungu kubwa la fedha tunazoomba linakwenda kwenye chumba na watu wa kukisimamia. Usafiri ni sehemu ndogo.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini yasibakie Ujerumani, nchi yenye nyumba madhubuti za nyaraka. Kuna Marbach am Neckar, mji alikozaliwa mshairi Schiller, ambako tangu 1955 Hifadhi ya Fasihi ya Kijerumani inakusanya makaratasi ya waandishi na wasomi, wakiwemo wengi waliotawanyika duniani baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Ni mahali pa kuheshimika na hatuna neno napo. Ila kijana wa Darajani anayetaka kuisoma tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mtu wa mtaani kwake atahitaji viza, tiketi na barua ya mwaliko, na sote tunajua foleni za viza zinavyokwenda.

Tena jengo madhubuti nalo lina siku yake. Hans Mayer alikuwa bingwa wa fasihi ya Kijerumani, Myahudi na Mmaksi, mzaliwa wa Köln mwaka 1907. Mwaka 1933 aliikimbia nchi, akaishi uhamishoni Ufaransa na Uswisi. Vita vilipokwisha alirudi, na kuanzia 1948 akawa profesa Leipzig, ambako Christa Wolf na Uwe Johnson, waliokuja kuwa waandishi mashuhuri, walikaa darasani kwake. Mwaka 1963, baada ya kuandamwa kwa miaka, alisafiri upande wa magharibi na hakurudi tena. Maalim alipofika miaka miwili baadaye alikuta jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini. Mayer alifariki Tübingen mwaka 2001 na makaratasi yake yakawekwa katika hifadhi ya mji wake wa Köln. Tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi hiyo liliporomoka lote, kando ya shimo lililokuwa likichimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi. Vijana wawili wa nyumba za jirani walipoteza maisha. Karatasi za karne nyingi, na za Mayer na za mwandishi Heinrich Böll pamoja nazo, zikaingia kwenye tope na maji. Zile zilizolowa ziligandishwa kwa barafu kwanza zisioze, kisha zikakaushwa taratibu kwa mitambo. Sehemu kubwa imeokolewa, lakini kuzipanga na kuzitibu ni kazi ya miongo. Mtu aliwakimbia Manazi, akaikimbia na serikali ya Ulbricht, mtawala wa Ujerumani Mashariki, halafu makaratasi yake yakafukiwa kwao kwa sababu ya treni.

Wajerumani wenyewe wanalijua hili. Nakala za filamu za nyaraka zao muhimu zimewekwa katika handaki la mgodi wa zamani pale Oberried, karibu na Freiburg, ndani ya mapipa ya chuma kisichoshika kutu. Sisi hatuna mgodi. Tumeamua kwamba hakuna boksi litakalopanda meli kabla ya barua, shajara na rasimu za tafsiri kupigwa picha zote, na nakala kuwekwa mahali patatu: Leipzig kwa binti, hapa skuli, na kwa mhitimu mwenzetu mmoja aliyejitolea huko Maskati. Kazi ya picha imeshaanza. Wanafanya wajukuu wa Maalim, bure, mwisho wa wiki, na kwa hilo tunawashukuru mno.

Fedha. Tunahitaji shilingi milioni 26. Usafiri kutoka Leipzig hadi Hamburg, nafasi katika kontena la pamoja na kugomboa mzigo bandarini Malindi, hapa Unguja, vinafika milioni 4 na nusu. Maboksi na majalada yasiyo na asidi, yanunuliwe hukohuko ili karatasi zisafiri ndani yake, milioni 1 na laki 3. Kamera, taa zake na kompyuta, milioni 4 na laki 4. Chumba cha juu cha maktaba ya skuli kinahitaji rafu za chuma, mashine ya kukausha hewa, madirisha mapya na kuzuiwa mchwa: milioni 6 na laki 2. Zinazobaki, milioni 9 na laki 6, ni posho ya vijana wawili kwa mwaka mmoja, laki 4 kila mmoja kwa mwezi, wa kupanga, kusafisha kutu na kuandika orodha. Mmoja lazima awe anajua Kijerumani. Mwengine lazima asome hati za Kiarabu bila ya kubahatisha. Watoto wa marehemu wameshatoa milioni 3 za mwanzo. Tumebakiwa na milioni 23.

Kuna aliyeuliza kwenye kikao, na ana haki ya kuuliza, vipi tuchangie makaratasi ilhali madarasa mawili hayana madawati ya kutosha. Jawabu la kamati ni kwamba madawati yana mfuko wake, hautaguswa, na anayetaka kuchangia madawati badala ya makaratasi achangie kwa moyo mkunjufu. Mweka hazina ataandika risiti mbalimbali. Jawabu langu mimi ni kali kidogo: skuli hii imekuwa ikijisifu kwa Maalim katika kila mahafali kwa miaka 40, na sifa hizo tulizipata bure.

Harambee itafanyika ukumbi wa skuli, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Chai itakuwepo, na kina mama wa kamati wameahidi urojo. Walio mbali wachangie kupitia kwa mjumbe wa kundi lao la wahitimu, mwenye namba ya akaunti. Namba hatuiweki hapa, maana ujumbe wa namna hii hugeuzwa na matapeli kabla jua halijatua. Usitume hata shilingi kwa namba uliyopewa na mtu usiyemfahamu. Hesabu za mapato na matumizi zitabandikwa ubao wa matangazo wa skuli kila mwezi, na kurushwa kwenye makundi yote.

Na kuna mchango mmoja usiohitaji fedha. Ndani ya maboksi zimo barua mlizomwandikia nyinyi. Alizokuandikieni yeye ziko kwenu, kwenye masanduku ya mama zenu, ndani ya misahafu, chini ya magodoro. Maalim alikuwa mwandishi wa barua kuliko alivyokuwa msemaji. Kama unayo hata moja, ilete siku hiyo tuipige picha mbele yako na urudi nayo nyumbani. Walio nje waipige kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila ya mwako wa kamera, kurasa zote pamoja na bahasha, kwani mara nyingi tarehe huwa imo kwenye muhuri wa posta tu. Kama ndani mna siri za watu, tuambieni, nayo tutaifungia pamoja na lile jalada la miaka 30.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wahitimu