Siivui Gari Yangu Mbao Zake

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwajibu waandaaji wa onyesho la magari ya zamani linalotayarishwa hapa Unguja. Nilipiga simu kuiandikisha pikapu ya marehemu baba yangu, Peugeot 404. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake zote mpaka nilipomtumia picha, akaona bodi yake ya mbao ya kupakilia abiria. Akanambia, "Bi mkubwa, gari inatakiwa iwe vile vile ilivyotoka kiwandani. Hicho kibanda cha kuku kitoe, urudishe bodi ya bati na turubai, ndipo tuzungumze."

Kibanda cha kuku! Mama yangu sijamwambia mpaka leo.

Ni kweli pikapu hizi zilitoka Ufaransa na bodi ya bati nyuma na turubai juu. Lakini hii yetu baba aliinunua mkononi kwa mtu Mombasa mwaka 1979, na haikumaliza mwezi hapa ilikuwa iko kwa fundi wa mashua, mzee wa Nungwi. Mzee yule hakuwahi kutengeneza gari. Alikuwa na tezo, keekee na jicho lake. Akazisimamisha nguzo za mtondoo kama anavyosimamisha mataruma ya mashua, akaweka paa la mbao, mabenchi mawili ya kutazamana, na kingazi nyuma cha utingo kuning'inia. Paa akalikalafati kwa pamba na sifa. Harufu ya mafuta ya papa haikutoka mwaka mzima, abiria wa Makunduchi wakisonya njia nzima, lakini masika ilipokuja hakuna aliyedondokewa hata na tone.

Mimi ni mshoni, si fundi gari. Kazi ya chuma anaifanya mtoto wa kaka yangu chini ya mwembe wetu hapa Fuoni, mimi napiga msasa, nashona viti na kusumbua watu kwa simu. Mwaka wa pili huu tumo, na nimejifunza jambo ambalo kijana yule hakulijua: kilichooza katika gari hii ni kile hasa kilichotoka kiwandani.

Watu hulaumu upepo wa bahari. Mimi naulaumu mwani. Ulipoanza kulimwa pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 80, baba alipata mzigo wa kurudi nao mjini, na magunia mengine yalipakiwa hayajakauka. Maji ya chumvi yalichuruzika njia nzima, yakapita kwenye mbao yakaenda kukaa kwenye chuma. Ukigonga bati zima kwa kinyundo, linalia. Ukigonga lililoliwa, linasema "pu", na kinyundo kinabaki humo humo. Tumekata na kuchomelea viraka 11: sakafu ya dereva, chini ya milango yote miwili, na mihimili ya nyuma ya kabini. Za mzee wa Nungwi tumebadilisha mbao mbili tu, zote za benchi. Chini ya mojawapo ilikwama senti 20, ile yenye mbuni. Nauli ya nani sijui, maana utingo wetu hakuwa mtu wa kusahau chenji.

Injini haikututesa sana. Ni ile ya cc 1618, imelazwa upande kama mtu aliyeegemea mto, na silinda zake ni slivu za kuchomoa. Zikichakaa unatia mpya na pistoni zake, huna haja ya kupeleka bloku kuchongwa. Seti tulivushiwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Mpwa wangu akasahau sili moja chini ya slivu ya tatu, maji yakaingia kwenye oili, ikawa kama chai ya maziwa. Tukafungua upya, siku nne zikapotea, na siku hizo nne hakuna aliyemsemesha mwenzake isipokuwa kwa ishara. Vijana wa mtaani wanatuuliza kwa nini tunahangaika na Mfaransa. Nawaambia waulize Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally 1966 na 1967 kwa gari gani. Ilikuwa 404.

Lakini siku ninayotaka waandaaji waijue ni ile niliyokuwa napiga msasa ubao wa usoni, ule juu ya kioo cha dereva. Ilitoka buluu, ikaja kijani, chini yake nyekundu iliyopauka, halafu herufi za manjano zikaanza kuchomoza: IONEE GE. Nikabadilisha msasa nikaweka laini, nikaenda polepole kama ninayefumua mshono wa hariri. USINIONEE GERE. Nikamwita mama. Akasimama na mkongojo wake, akasoma, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga akicheka. Akasema maneno yale aliyachagua yeye, kwa ajili ya jirani mmoja, na baba akayafuta baada ya jirani kuja juu. Herufi hizo haziguswi na brashi ya mtu.

Sasa nawauliza waandaaji. Beit el Ajaib, jumba lile la Forodhani, ilijengwa 1883, na ule mnara wa saa haukuwa pale usoni pake. Mnara wa zamani ulisimama mbele ya nyumba, ukabomolewa na mizinga ya Waingereza 1896, ndipo ukajengwa mwingine wa saa kwenye jumba lenyewe. Mnara huu wa pili ulipoanguka Disemba 2020 sote tuliulilia, na sikumsikia mtu akisema afadhali, jumba limerudi kama lilivyojengwa.

Wekeni kundi la gari za mbao. Ziko nyingine, nazijua mbili zimelala mashamba zimeota majani. Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa, majaji huinama wakatazama hadi chini ya gari. Nanyi inameni mtazame viungo vya mzee yule vilivyoshikana bila msumari mmoja kutoka. Mkikataa, sitagombana na mtu. Julai tutaipakia watu twende nayo Makunduchi, kwenye sherehe za Mwaka Kogwa.

Na kwa wasomaji: natafuta kioo cha taa ya mbele, upande wa kushoto, cha 404. Nilichonacho kina ufa. Mwenye nacho amwachie ujumbe mhariri, nitalipa, au nitamshonea kanzu mbili.

Binti wa Dereva,
Fuoni, Unguja