Wifi yangu hanisemi kwa mdomo, ananisema kwa kanga

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia kutoka Unguja mjini. Nimeolewa, nina watoto, na tunakaa nyumba moja na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hapa Kikwajuni. Sote tunasali kanisa moja, na silitaji kwa sababu makanisa yetu hapa yanahesabika na watu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Shida yangu ni maneno, lakini maneno yenyewe hayajatamkwa hata siku moja. Wifi ananisema kwa kanga.

Kama wewe si mtu wa pwani utaona ni jambo dogo. Sie huku mtu hanunui doti, yaani kanga mbili za pamoja, kwa ajili ya maua yake tu. Anasoma jina kwanza, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, na akilipenda anajua kabisa atalivaa siku gani na nani atalisoma. Mume wangu aliponiletea friji, asubuhi yake wifi alitoka chumbani na kanga mpya: MLA NAWE HAFI NAWE ILA MZALIWA NAWE. Kajifunga kiunoni, jina limekaa sawasawa nyuma, akaenda uwani akakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, mgongo kanipa mie. Nikalisoma lote. Baadaye ikaja HASIDI HANA SABABU. Hiyo hata kuivaa haivai sana, anaifua na kuianika, jina linaelekea mlango wangu, na pembe zote kazibana vibanio isije ikakunjika kwa upepo.

Binti yangu yuko darasa la pili, na kusoma anajifunzia kwenye kanga za shangazi yake. Siku moja kaniuliza, “Mama, hasidi ndiye nani?” Nikamwambia ni mtu mwenye husuda. Akaniuliza tena, “Humu ndani ni nani?”

Nimpe wifi haki yake pia. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule, akapika maandazi, akamsomesha mdogo wake mpaka akapata kazi ya hoteli huko Nungwi. Mshahara ulikuwa unakuja mkononi mwake. Tulipooana ukaanza kuja mkononi mwangu, na hakuna aliyemkalisha kitako akamweleza, wala mume wangu, wala wazee. Mie nadhani kidonda kiko hapo na friji ni kisingizio. Nikimweleza mume wangu, jibu lake ni “hizo nguo tu, wanawake mna mambo.” Anakuja siku zake za mapumziko, anakula kwa dada, anakula kwangu, anarudi Nungwi.

Kwaresima hii padri alihubiri juu ya Yakobo sura ya 3, ulimi ni kiungo kidogo lakini unawasha msitu mkubwa. Baada ya ibada nikamfuata, nikamweleza bila kumtaja mtu. Akanipeleka Mathayo 18: ndugu yako akikukosa, mwendee mkiwa wawili peke yenu. Nikaenda kweli. Nilimkuta wifi anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia, “Wifi, kama kuna nililokukosea, niambie, nipo tayari kukuomba radhi.” Hakuinua macho. “Mie nimesema nini? Umesikia neno kwangu? Nguo nimenunua kwa pesa yangu.” Akaendelea kutoa chuya.

Sasa hapo Mathayo 18 inaendaje mbele? Hatua ya pili ni kuchukua mashahidi, mmoja au wawili. Watashuhudia nini, kanga?

Jirani yetu, bi mkubwa mmoja Mwislamu ambaye kanilea kama mwanawe tangu nilipoolewa mtaa huu, yeye yote anayaona. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekutana, basi akaniambia, “Mwanangu, na ulimi nao unafunga. Mtu akikuchokoza mwambie mie nimefunga, basi.” Nikashukuru sana. Lakini huyo huyo, baada ya kufuturu, kanong'oneza kwamba Idi ikishapita nimjibu, tena kwa lugha yake, na jina akanichagulia mwenyewe: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mie nauza nguo katika duka la mtu pale Darajani, doti za namna hiyo zinapita mkononi mwangu kila siku. Nikainunua. Iko chini ya sanduku, haijakatwa wala haijapindwa.

Nilipofungua Biblia nitafute pa kushika nikakuta Mithali 26 imenikoroga zaidi. Mstari wa 4 unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na wa 5 unaofuata papo hapo unasema mjibu. Simwiti wifi yangu mpumbavu, Mungu apishe mbali, lakini hiyo mistari miwili ndiyo ninayolala nayo.

Mpaka sasa nimenyamaza, na watu wa kanisani wananisifu kwa uvumilivu. Sifa hiyo nina shaka nayo. Bibi yangu alikuwa mtu wa Mbweni, ukoo wa wale watumwa waliokombolewa kwenye majahazi, ambao wamisheni wa Kianglikana wa UMCA waliwapa makazi pale kuanzia miaka ya 1870. Kwetu tumelelewa kunyamaza. Mtu akikutajia asili yako, unapita kama hukusikia. Kwa hiyo sijui kama kimya changu kimetokana na imani au ni mazoea ya nyumbani tu. Wakolosai 4:6 inataka maneno yetu yawe na neema, yakikolea munyu. Inazungumzia maneno, na mie sina neno lolote ninalompa huyu dada zaidi ya “umeamkaje.” Yeye anaona nina kiburi, keshawaambia kina mama kwamba wifi yake hata kuchokozeka hachokozeki, anajiona malaika.

Na sasa limekuja jingine. Kina mama wa kanisa tunanunua sare ya Pasaka, doti moja moja, na kwa kuwa niko dukani wamenipa mie kazi ya kuchagua jina. Wifi naye atavaa. Nikichagua UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU atasema namchamba mbele ya altare. Nikichagua la kumsifu Mungu peke yake atasema nimemkwepa. Nikikataa kazi watauliza kwa nini, na jibu wanalijua nusu.

Kuna wazo limenijia, sijamwambia mtu. Badala ya kuchagua peke yangu, nimchukue wifi twende naye Darajani, achague yeye jina la sare, mie nimshikie mkoba. Pengine tukiwa njiani mbali na uwa wetu naweza kumtajia yale maandazi, kwamba nayajua, na kwamba friji ile haikuwa ya kumtoa yeye kwenye nyumba ya mdogo wake. Naogopa mambo mawili. Anaweza kuchagua jina la kunichoma, na kanisa zima likalivaa siku ya Pasaka. Au akanijibu tena kwamba yeye hajasema kitu.

Nisaidie basi. Je, mtu asiyekiri kuwa amesema unaweza kumjibu kwa upole, au upole huo utaonekana ni dharau nyingine? Na mume wangu nimshirikishe kabla ya kwenda dukani, au nikishamshirikisha ndiyo nitakuwa nimepeleka kesi? Mwenye duka anataka jina kabla ya Jumapili ya Matawi ili mzigo uwahi.

Wenu katika Kristo,
Mke wa mtu, Kikwajuni