Barua ya kufunga muhula: kikundi cha roboti

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI ZA KIKUNDI CHA ROBOTI

Salamu. Muhula unafungwa Ijumaa. Ripoti na taarifa ya michango atakuja nazo mwanao. Barua hii inahusu roboti, maana wazazi kadhaa mmeuliza: wahandisi wanakuja kila Jumamosi, mbona kigari cha roboti bado kinasuasua?

Kwa sababu mhandisi haruhusiwi kushika bisibisi. Yeye anauliza, mwanafunzi anafungua. Kazi ya dakika kumi inakula Jumamosi mbili, nasi tumeridhia.

Chukueni tatizo la muhula huu. Kigari kina mota nne, bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayoendesha programu ya kigari) na betri nne za tochi zinazolisha vyote. Kikienda mbele, safi. Kikikata kona, kinazima na kuanza upya. Vijana waliandika programu upya mara tatu. Mhandisi akawapa mita ya umeme tu: pimeni volti kikiwa kimesimama, kisha kikikata kona. 5.9 ikaporomoka chini ya 4. Kwenye kona magurudumu yanaburuzwa kwa ubavu, mota zinavuta umeme mwingi, betri zinazidiwa, bodi inakosa nguvu. Tena kiendesha mota, L298N, yaani kifaa kinachopokea amri za bodi na kupeleka umeme kwenye mota, chenyewe kinameza takriban volti 2.

Sasa mota zina betri mbili za lithiamu, bodi ina umeme wake, na waya za hasi zimeunganishwa pamoja. Hizo za hasi zilisahauliwa mwanzoni, mota zikawa zinashtuka ovyo.

Kimebaki kihisi cha umbali. Ukuta kinauona vizuri, ila mwanafunzi mwenye sweta hakimwoni: kinatumia mwangwi, na sufi inameza sauti. Asubuhi za Juni hapa Tabora nani havai sweta?

Likizoni, tafadhali, betri ya lithiamu isichajiwe kwa waya za kuungaunga. Seli moja ikipita volti 4.2 inaweza kuvimba au kuwaka. Iliyovimba msiilete shuleni, wala msiitoboe. Printa mbovu na vidude vya kuchezea vilivyokufa leteni. Mota zake tunazitaka.

Wanaochomea waya kwa risasi waje na viatu vya kufunika vidole, na wanawe mikono kabla ya kula. Mwalimu huwapo muda wote wahandisi wakiwa na wanafunzi. Fomu ya ridhaa irudi imesainiwa siku ya kufungua. Asiyekuwa nayo hataingia karakana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule
Tabora