Mbegu ya Tangawizi Ikioza Kabla ya Kuota

"Nimepanda mbegu yenu, mwezi umepita, hakuna kilichoota. Mmeniuzia mbovu." Ujumbe wa aina hii huja kila mvua zinapoanza. Tunamwomba mteja afukue kipande kimoja tu cha tunguu, yaani tangawizi yenyewe ambayo ndiyo mbegu, akipige picha. Kikiwa kigumu na kina ncha nyeupe, mbegu ni nzima na inaendelea. Tangawizi huchukua wiki mbili hadi sita kuchomoza, na sehemu za baridi kama Lushoto huweza kuchelewa zaidi. Irudishie udongo uiache, maana wanaofukua kila baada ya siku mbili ndio wanaovunja machipukizi.

Kikiwa kimegeuka uji wa kahawia unaonuka, tunauliza swali moja: ulikata lini, ukapanda lini? Jibu karibu kila mara ni "siku hiyo hiyo." Mteja amenunua asubuhi, amekata mchana, na jioni amefukia na kumwagilia ndoo nzima. Kidonda kibichi kikilala kwenye tope, vimelea vya uozo vya Pythium hupenya hapo hapo, na mbegu huisha kabla haijatoa mzizi.

Kata kwa kisu kikali kilichofutwa kwa Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, na ukifute tena kila ukimaliza tunguu moja. Kila kipande kiwe na gramu 40 hadi 50 na macho mawili yaliyovimba. Vidogo zaidi huota, ila hutoa mashina membamba na mavuno ya kusikitisha. Kilo moja inakupa vipande 20 hadi 25. Vitandaze kivulini, penye hewa, siku tatu hadi tano, mpaka uso uliokatwa ukauke na kufanya ngozi. Usivianike juani wala usivifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Tuta liinuke sentimita 20 au zaidi. Kwenye udongo wa mfinyanzi usijaribu kupanda bila tuta. Changanya mboji au samadi iliyoiva kabisa. Samadi mbichi ya kuku huunguza machipukizi, na hili tumeliona kwa wateja wengi waliodhani wanaipa mbegu nguvu. Laza kipande macho yakitazama juu, kina cha sentimita 5 hadi 7, nafasi ya sentimita 25 kwa 30. Kilo moja inatosha tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita mbili hivi. Funika kwa nyasi kavu. Kama udongo una unyevu wa kushikana mkononi bila kuchuruzika, usimwagilie mpaka shina lichomoze. Jua la asubuhi na kivuli cha mchana vinaifaa. Mashina yakifika miezi miwili hadi mitatu, pandishia udongo, kwa sababu tangawizi iliyo wazi juani hugeuka kijani na kuacha kunenepa.

Sasa bei. Tunaambiwa sokoni kilo ni nafuu kuliko kwetu, na ni kweli. Ya sokoni ni ya jikoni: mara nyingi imevunwa changa, imeoshwa, imesuguliwa mpaka macho yamekwanguka, na hakuna ajuaye imetoka shamba gani. Yetu inavunwa majani yakishakauka yenyewe, miezi tisa hadi kumi tangu kupandwa. Halafu inakaa ghalani mpaka macho yaamke. Muda huo wote inapungua uzito, na kila yenye doa inatolewa. Kilo tunayokuuzia ilikuwa zaidi ya kilo tulipoivuna. Hiyo ndiyo bei, na hatuipunguzi.

Hasara kubwa ya mbegu ya sokoni ni mnyauko bakteria, ambao husafiri ndani ya mbegu inayoonekana safi. Majani hujikunja na kuwa njano tuta zima likiwa na maji ya kutosha. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji masafi: ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, ndiyo yenyewe. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, choma, wala usiutupe kwenye mboji. Bakteria hao hukaa ardhini kwa miaka na hushambulia pia nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili. Mtu aliyeokoa hela kidogo ya mbegu anakuwa amepoteza bustani ya mboga.

Kagua mzigo siku unayoupokea. Kipande kilicholainika au chenye harufu tutakibadilisha bila ubishi, mradi utume picha kabla hujakata. Kilichokatwa na kufukiwa siku moja hatukirudishii hela.