Jamani, grenda na tofali wapi na wapi

Mhariri, naomba nafasi niongee na mafundi na wenye nyumba za matofali ya kuchoma ambayo hayajapigwa plasta. Silikoni ya zamani, ile gundi ya mpira ya kuziba mianya pembeni ya fremu za madirisha, ikianza kubanduka na kuota ukungu mweusi, watu wanakimbilia grenda, ile mashine ya kukatia na kusagia. Mi nilimruhusu fundi, dakika 10 tu silikoni imetoka kweli, ila imetoka na uso wa tofali, na ule uso ndo mgumu, ndo unaozuia maji, sa hivi mvua ikinyesha ule mstari uliochubuka unalowa kabla ya ukuta mwingine wote.

Dirisha la pili nikafanya mwenyewe. Nikachukua kisu cha wembe nikakata upande wa fremu, alafu upande wa tofali, nikashika ncha kwa koleo nikavuta taratibu, ikawa inatoka ndefu kama utepe. Utamu unaishia hapo. Tofali lina vitundu na silikoni imejichimbia humo, ukimwaga thina unaisambaza tu na kuacha doa. Dawa ya kulainisha silikoni ipo, ijaribu kwanza sehemu iliyojificha, ipake, iache muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha sugua na brashi ngumu ya nailoni. Ya waya wa chuma hapana, vile vinywele vinakatikia kwenye tofali vinaota kutu. Kilichobaki nilikisugua na kipande cha tofali la aina ileile, unga wake ukafuta ule mng'ao, mpaka leo huoni kitu.

Na wanaopaka asidi sijui nani kawafundisha, yani silikoni haishtuki, inayoliwa ni saruji katikati ya matofali. Kama mwanya umezibwa na gundi ya akriliki badala ya silikoni hapo sawa, hewa ya moto inailegeza vizuri tu. Kuzitofautisha rahisi, silikoni ni mpira mpira na rangi haishiki juu yake.

Ukimaliza acha pakauke kabisa kabla ya kupaka mpya, maana silikoni mpya haishiki juu ya mabaki ya zamani wala kwenye unyevu, na vile vitundu vilivyoachwa kwenye fremu au ukutani ili maji yatoke usivizibe.

Fundi wangu bado anapiga simu, anataka amalizie madirisha manne yaliyobaki. Nimemwambia aje, grenda aiache kwake.

Msomaji wenu