Kabla ya kuongeza RAM, punguza mizigo iliyokuja na laptopu

Kwa Mhariri,

Kila muhula unapoanza katika vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro, maduka ya Kisumu na Kakamega huuza laptopu mpya kwa wingi. Haupiti muda baadhi yake zinaletwa kwa mafundi, wenyewe wakilalamika kuwa ni nzito kuliko za mtumba. Ushauri wanaopewa huwa uleule: ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi. Mara nyingi ushauri huo ni wa haraka mno, na laptopu nyingi za bei ya chini RAM yake imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki hata ukitaka.

Laptopu hizo huwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo ni ya bei nafuu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakubali kwa Windows 11. Windows yenyewe, kabla hujafungua chochote, hula zaidi ya GB 2 za RAM. Kinachosalia kinagombaniwa na antivairasi ya majaribio, programu za "usaidizi" za kampuni iliyounda mashine, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), michezo na vijiprogramu vya matangazo. RAM ikijaa, Windows huhamishia kazi kwenye hifadhi, na eMMC haina kasi ya SSD, hifadhi ya laptopu za bei ya juu zaidi. Ndipo mtu anabofya Word na kukaa akiitazama.

Siku ya kwanza usiihukumu. Windows hupakua masasisho na kuorodhesha faili, kwa hiyo iache kwenye umeme na intaneti imalize. Anayetumia hotspoti ya simu awashe Metered connection, inayobana matumizi ya data, katika mipangilio ya Wi-Fi, la sivyo masasisho yatameza GB kadhaa za bando. Yakishakamilika, zima, washa, ngoja dakika tano bila kufungua kitu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, inayoorodhesha programu zinazofanya kazi. Iwapo Memory (RAM) imepita asilimia 80 na Disk (hifadhi) inagonga 100 ilhali hujagusa lolote, wenye kosa wako kwenye orodha iliyo mbele yako.

Anza na antivairasi ya majaribio, kwa kawaida McAfee au Norton. Hukagua kila faili inayofunguliwa, na muda wa bure ukiisha hubaki ikikutolea vitisho vya kukutaka ulipe. Ingia Settings, Apps, Installed apps, bofya vidoti vitatu kando ya jina lake, chagua Uninstall, kisha uwashe mashine upya. Hapa ndipo watu huogopa, na wauzaji wengine huwaongezea hofu. Windows ina kinga yake, Defender, ambayo hukaa kando antivairasi nyingine ikiwapo na kurejea kazini yenyewe ikiondolewa. McAfee ikigoma kutoka, watengenezaji wake hutoa bure programu ya kuing'oa iitwayo MCPR.

Michezo na programu za ununuzi mtandaoni ziondolewe kwa njia hiyohiyo. Zile unazotaka kubaki nazo lakini si lazima ziamke na mashine, zizime kwenye Startup apps. OneDrive inataka uangalifu: huenda tayari imehamisha faili za Desktop na Documents hadi mtandaoni, ambako nafasi ya bure ni GB 5 tu. Zima Backup kwanza, hakikisha faili zimerudi kwenye mashine, ndipo uiondoe.

Usiguse chochote chenye jina la Intel, AMD au Realtek, wala Visual C++ na WebView2, ambazo programu nyingine huzitegemea. Kuna vijana wanaofagia orodha nzima kwa bidii, kisha sauti inapotea au padi ya kusogezea kishale (touchpad) inakufa, na mteja analipishwa mara ya pili.

Ukitaka kusafisha kabisa, nenda System, Recovery, Reset PC. Chagua Remove everything, na kwenye Change settings, kama kuna swali la kurejesha programu zilizowekwa kiwandani, weka No. Ukichagua Cloud download, yaani kupakua Windows upya kutoka mtandaoni, tenga zaidi ya GB 4 za data. Kama ilikuja na Office iliyolipiwa, iunganishe kwanza na akaunti yako ya Microsoft. Leseni ya Windows haipotei. Tangu enzi za Windows 8 ufunguo wake hukaa ndani ya ubao wa mashine. Ndiyo maana sioni sababu ya fundi kufuta Windows halali na kuweka Windows Pro ya wizi, inayohitaji antivairasi izimwe ndipo "iamshwe". Huko ni kutoa mzigo mlangoni na kumwingiza mwizi dirishani.

Wala wepesi si hoja pekee. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Lenovo ilikuwa imeuza laptopu zenye programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyoweka cheti chake cha usalama ndani ya Windows. Ufunguo wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, hivyo aliyeupata angeweza kuchungulia hata mawasiliano ya benki kwenye Wi-Fi ya pamoja. Mwaka 2017 Lenovo ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kumaliza kesi hiyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Tangazo la dukani husema "GB 64" kwa herufi kubwa, lakini halitaji kwamba ni eMMC, kwamba RAM haiongezeki, wala kwamba antivairasi iliyomo ni ya muda. Wenye maduka waandike mambo hayo matatu kwenye karatasi ya bei, na wamwulize mteja kabla hajalipa kama anataka programu za majaribio ziondolewe. Kuziondoa hakuhitaji hata bisibisi.

Fundi wa kompyuta,
Kisumu